Mimi na Mume Wangu Mbele ya Jopo Moja

Tangazo lilisema nafasi ni moja. Mhadhiri msaidizi, idara ya jiografia, ajira ya kudumu. Mume wangu ndiye aliyeliona kwanza, kwenye simu, tukiwa tumekaa sebuleni na chai ya jioni. Alinisogezea ile simu. Nikalisoma mpaka chini, nikarudi juu nikasoma tena pale penye idadi, kana kwamba nikitazama vizuri nitakuta mbili.

Wakati huo sote wawili tulikuwa tunafundisha kwa mkataba wa muda katika chuo hicho hicho kilichotangaza, hapa Dodoma, na tulikuwa tumepanga nyumba ndogo upande wa Chimwaga. Mtu wa mkataba wa muda haishi kama watu wengine. Muhula ukikaribia kwisha anaanza kumsalimia mkuu wa idara kwa uangalifu, anachunguza amejibiwaje, na likizo yote analala na simu karibu na sikio akisubiri kuambiwa kama ataitwa tena. Kwetu sisi likizo ilikuwa na simu mbili za kusubiri.

Tulikutana tukisoma shahada ya uzamili. Kwao ni Kolo, wilaya ya Kondoa, na utafiti wake ulikuwa juu ya makorongo yaliyomeza mashamba ya huko. Mimi nimezaliwa Gulwe, Mpwapwa, karibu kabisa na reli, nikaandika juu ya mito ya mchanga, ile ambayo kiangazi unaivuka na viatu vyako mguuni, na masika inakuja na kuondoka na tuta la reli. Kwa maneno mengine, tangazo lililomfaa yeye lilinifaa na mimi.

"Tutaomba wote," alisema.

"Na wakituita wote?"

"Wakituita wote tutakwenda wote."

Alisema kama jambo jepesi, lakini aliendelea kuikoroga chai yake kwa muda mrefu, na sukari ilikuwa imeshayeyuka.

Nilikuwa na ujauzito ambao bado haukuonekana. Hilo ndilo lililonisumbua kuliko alivyojua. Nilihesabu kwa vidole na kuona kwamba kama mambo yangekwenda kwa mwendo wa kawaida, siku ya usaili tumbo lingekuwa limetangulia kuingia mlangoni kabla yangu.

Tuliomba. Tulipeleka vyeti kwa wakili mjini akavigonga mihuri, tukavipandisha kwenye mfumo wa maombi ya kazi mtandaoni, kila mmoja kwa zamu yake kwa sababu kompyuta ilikuwa moja. Kwa upande wangu kulikuwa na karatasi ya ziada. Kwenye cheti cha kuzaliwa karani aliliandika jina la baba yangu kwa "l", na kwenye vyeti vya shule likaandikwa kwa "r". Huko kwetu mdomoni hakuna tofauti, lakini kwenye makaratasi binti wa huyu na binti wa yule ni watu wawili. Kwa hiyo miaka mingi nimetembea na hati ya kiapo inayoeleza kwamba watu hao wawili ni mimi.

Ukaja mtihani wa mchujo. Tulikaa kwenye ukumbi mkubwa uliojaa watu kutoka kila kona ya nchi, mimi safu za mbele, yeye nyuma kabisa. Nilipomaliza ukurasa wa kwanza niligeuka kumtafuta, msimamizi akaniambia nitazame karatasi yangu. Majibu yalipotoka, waliobaki kwa usaili wa ana kwa ana walikuwa watatu: kijana mmoja aliyetoka Mwanza, mume wangu, na mimi.

Tulifurahi jioni ile. Tulinunua nyama choma, tukacheka. Kesho yake asubuhi nilimkuta amesimama mbele ya kioo akinong'ona kwa Kiingereza, akajikohoza aliponiona, na toka hapo nyumba ikaanza kubadilika.

Mwanzoni tulisaidiana. Kwenye usaili wa chuo hawaulizi maswali tu, kila msailiwa anapewa mada anafundisha mbele ya jopo kama vile anafundisha wanafunzi. Tukakubaliana kila jioni mmoja afundishe, mwingine akae kwenye kochi awe mwanafunzi. Yeye alinifundisha makorongo, mimi nikamfundisha mito.

"Unaomba radhi mno," aliniambia siku moja. "Kila kitu unaanza na 'labda' na 'huenda'. Jopo litadhani hujui."

"Na wewe huangalii watu. Unaongea na ukuta."

"Naongea na ubao."

"Ubao hauko, ni ukuta."

Tulicheka, lakini siku iliyofuata alifundisha akiwa ananikazia macho kama mtu anayegombana, na mimi nilifundisha nikihesabu kimoyomoyo ni mara ngapi nimesema "labda". Kisha nikagundua jambo ambalo lilininyima raha kabisa: nilipokuwa namrekebisha, nilikuwa najiuliza moyoni kama nimwambie au ninyamaze. Nilimwambia kila nilichokiona. Lakini kule kujiuliza tu kulinichosha, na nadhani naye alikuwa anajiuliza hivyo hivyo, kwa sababu bila kupangana tuliacha. Yeye akawa anabaki chuoni mpaka giza linapoingia. Mimi nikawa nafundisha jikoni, nikiwa nachambua mchicha, kwa sauti ya chini.

Katikati ya hayo mama mkwe wangu akafika kutoka Kolo. Alikuwa ameandikiwa kliniki ya macho mjini, akapewa dawa ya matone ambayo kwa muda ilimfanya aone ukungu tu. Tulikuwa tunapatana vizuri. Nilipomwamkia shikamoo siku ile ya kwanza alinishika tumbo kabla ya kuitikia, akasema, "Marahaba, mwanangu. Kumbe tuko wengi."

Mume wangu alimweleza kuhusu usaili. Mama alisikiliza, akamgeukia mwanawe, akanigeukia mimi.

"Kiti kimoja?"

"Kimoja, mama."

"Nanyi mnakwenda wote?"

"Ndiyo hivyo."

"Haya," alisema, akaomba maji ya kunywa.

Hakulizungumzia tena. Lakini asubuhi alikuwa anasali rozari chumbani kwake, na ukuta ulikuwa mwembamba. Nilimsikia akimwombea mwanawe kazi, akimtaja jina lake lote, na jina la marehemu baba yake. Akaniombea na mimi, nijifungue salama. Ilikuwa dua nzuri na sikuwa na haki ya kuikasirikia. Hata hivyo nilisimama pale kwenye korido na taulo mkononi, nikasubiri kama kuna neno litakaloongezwa. Halikuongezwa.

Jioni ya kuamkia usaili nilipanga karatasi zangu zote kwenye faili moja. Mume wangu alipanga zake. Nilikuwa nimechukua kwa fundi gauni la rangi ya kahawa, nililomwambia alishone lianguke tu toka mabegani. Nilipolivaa nilijitazama mbele, nikajitazama ubavuni. Lilianguka vizuri mpaka katikati, halafu likakutana na mtoto.

Tulikwenda kwa bajaji moja. Kwenye korido ya jengo la utawala tulimkuta yule kijana wa Mwanza amekaa wima kwenye benchi, suti imemkaa sawasawa. Alituamkia kwa heshima, akasema amelala nyumba ya wageni ambayo mbu wake hawana huruma. Nilimpenda, na nilitamani nisingempenda.

Katibu wa jopo, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, alituita mmoja mmoja kwenye meza yake ili ahakiki vyeti halisi. Kijana akapita. Mume wangu akapita. Mimi nikaweka faili langu, akaanza kupitisha karatasi moja baada ya nyingine, halafu akasimama.

"Majina yanatofautiana hapa."

"Ndiyo, kuna hati ya kiapo."

"Hii uliyoweka ni nakala kivuli. Nahitaji yenyewe."

Niliitafuta kwenye faili, ndipo nikakumbuka kwamba haimo. Nilikuwa nimeipeleka hospitali kwa ajili ya mambo ya bima, kwa sababu huko nako walikuwa wameliona jina la baba kwa herufi nyingine, na ilikuwa imebaki ndani ya begi la kliniki. Katika kupekua, cheti cha kidato cha nne kikadondoka chini, na kwa hali yangu sikuweza kuinama haraka kukiokota.

"Sitaki kukuondoa," katibu alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Lakini bila hati halisi siwezi kukuingiza, jopo litanihoji mimi. Tufanye hivi, mwenzenu wa Mwanza aanze, afuate mumeo, wewe uwe wa mwisho. Kama itakuwa imefika, utaingia."

Nikachukua simu kumpigia mama mkwe. Mume wangu aliushika mkono wangu.

"Mama haoni. Utamwambiaje ni karatasi ipi?"

"Amwite jirani."

"Jirani ameshakwenda kazini." Alikuwa tayari ameanza kulegeza tai. "Naifuata mimi. Huyu akiingia watakaa naye muda, nitakuwa nimerudi."

"Usiende. Zamu yako ni ya pili."

"Nitakuwa nimerudi."

"Na usiporudi?"

Aliniachia faili lake na koti lake, akateremka ngazi mbili mbili. Nilimwona dirishani akipanda pikipiki, nyuma ya dereva, shati lake jeupe limejaa upepo.

Mlango ukafungwa nyuma ya kijana wa Mwanza. Nikabaki korido nimekumbatia koti. Nilikaa, nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi. Nilijaribu kurudia somo langu kichwani na sikukumbuka hata sentensi ya kwanza. Nikampigia mume wangu, simu ikaita ndani ya mfuko wa koti nililolishika.

Kwa mbali nikasikia ving'ora. Watu wa Dodoma tunavijua. Kuna msafara wa mkubwa unapita, na mpaka upite, barabara inafungwa, na kila mtu anasimama pale alipo, awe na mgonjwa, awe na bibi harusi. Nilikaa chini. Mtoto tumboni akawa anageuka geuka, nikampapasa nikimwambia atulie, nikamaanisha mimi mwenyewe.

Kijana wa Mwanza alitoka akiwa anajifuta uso kwa leso. Katibu alichungulia nyuma yake, akaliita jina la mume wangu. Nikasema anakuja. Akatazama korido nzima, akarudi ndani. Baada ya kitambo akachungulia tena.

"Mama, jopo linasubiri. Nikisema hayupo nitakuwa nimemwandika hayupo."

"Anakuja. Naomba umpe dakika chache. Anakuja."

Hapo ndipo tuliposikia viatu kwenye ngazi. Alikuja anahema, shati limemganda mgongoni, vumbi jekundu toka magotini mpaka viatuni, nywele zina vumbi. Alikuwa ameshuka kwenye pikipiki pale barabara ilipofungwa, akakatisha porini kwa miguu. Alinipa bahasha. Nilijaribu kumvalisha koti, mkono mmoja ukaingia, wa pili ukakwama, nikampangusa bega kwa kiganja.

"Karibu ndani," katibu alisema.

Mlango ule haukuwa mzito. Sikutega sikio, lakini niliisikia sauti yake. Alianza sentensi akaiacha. Akaianza tena, akaiacha. Kikafuata kikohozi kirefu cha koo lililokauka, na mtu akamimina maji kwenye glasi. Niliondoka kwenye benchi nikaenda mpaka mwisho wa korido, mahali ambapo sikusikia chochote, nikasimama nikitazama ukuta.

Alipotoka tulipishana mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi. "Usiseme labda," aliniambia.

Jopo lilikuwa la watu wanne, wanaume watatu na profesa mmoja mwanamke aliyekaa pembeni. Mada yangu ilikuwa ni jinsi mto unavyobadili njia yake. Sijui niseme ni bahati au nini, kwa sababu hicho ndicho kitu nilichokijua tangu utotoni, kabla hata ya kujua kwamba ni somo. Nilichora mto ubaoni. Niliwaeleza kwamba kwetu mchanga ulijaa mpaka sakafu ya mto ikapanda juu kuliko mashamba, na kwamba maji yakishafika huko hayaulizi reli iko wapi. Sauti yangu ilitulia. Niliandika, nikauliza swali, nikangojea jibu kama darasani. Katikati nilianza kuhisi kizunguzungu. Yule profesa mwanamke aliinuka, akasogeza kiti mpaka karibu na ubao, akarudi mahali pake. Nilisita kidogo, nikakaa, nikamalizia somo nimekaa.

Yakaja maswali. Mzee wa katikati aliuliza juu ya utafiti wangu, juu ya nilichochapisha, juu ya mitaala. Kisha akafunga kalamu yake.

"Mwenzako tuliyetoka kumhoji ni mumeo?"

"Ndiyo."

"Sasa ukipata wewe, yeye akakosa, nyumbani mtaishije? Na hiyo hali yako, muhula ukianza tu unaingia likizo ya uzazi."

Profesa pembeni alisema, "Mwenyekiti, swali hilo tuliache. Yeye mumewe hatukumuuliza."

Mwenyekiti alikubali kwa kichwa. Lakini lilikuwa limeshatoka, na nilihisi nisipolijibu litabaki mezani nitakapoondoka.

"Likizo ya uzazi ina mwisho," nilisema. "Darasa langu litapangiwa mtu, kama inavyofanyika mwalimu akienda masomoni. Kuhusu nyumbani, sijui. Na yeye hajui. Tulikuja hivyo hivyo."

Wakaandika. Nikashukuru, nikatoka.

Njiani kurudi nyumbani hatukuzungumza juu ya usaili. Aliniuliza kama nimekula. Nikamuuliza kama pikipiki ilimdai zaidi kwa kusubiri, akasema hapana. Tulipofika alivua shati akaliloweka kwenye beseni, na maji yakageuka rangi ya matofali.

Kungoja kulikofuata sitaki kukurefusha. Kila mmoja wetu alikuwa anafungua tovuti kwa siri, na kila mmoja alijua mwenzake anafungua. Siku moja nilikuwa jikoni na mama mkwe, nasonga ugali wa mtama, yeye amekaa kwenye kigoda anakoroga mboga ya mlenda. Macho yake yalikuwa yameanza kurudi. Bila kunitazama akasema:

"Siku ile alikuja kama mtu anayefukuzwa. Begi nilikuwa nimelitia kwenye sanduku la nguo za mtoto, maana lilikuwa linazagaa, nikalikwaa. Akapekua nyumba nzima. Nikamuuliza, karatasi ni ya nani? Akasema ya mke wangu. Nikamwambia, rudi ukamalize lako kwanza."

Niliacha kusonga.

"Nilimwambia hivyo," alisema. "Nisikufiche. Ni mwanangu."

"Naye akasemaje?"

"Akasema, mama, begi liko wapi. Ndipo nikamwonyesha." Aliinua mwiko akauonja mlenda, akaongeza chumvi. "Ugali wako unaungua."

Sikumchukia. Nilichukua mwiko nikaendelea, na tulikula sote watatu. Kabla majibu hayajatoka alirudi Kolo, akaniachia kanga mbili za kumbebea mtoto.

Majibu yalitoka Ijumaa, mchana, tukiwa wote nyumbani. Mume wangu alikuwa na simu mkononi. Alisoma, akasoma tena.

"Ni wewe," alisema.

Alikuja akanikumbatia, na alinikumbatia kweli, nilimhisi. Kisha akaenda nje kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha. Nilimsikia anavigonganisha pale uani. Nilikaa kitandani na ile furaha sikujua niiweke wapi. Niliogopa kumpigia mama yangu Gulwe nisije nikasikika nacheka.

Jina la mume wangu halikuwa limetupwa. Aliwekwa miongoni mwa waliofaulu lakini nafasi hazikutosha, ambao huitwa pakitokea upungufu mahali pengine. Mwanzoni tuliichukulia kama maneno ya kufariji. Alifundisha muhula mwingine mmoja kwa mkataba wa muda, kwenye idara ambamo mimi sasa nilikuwa na ofisi. Wanafunzi walipomuuliza ofisi yake iko wapi alikuwa anawaelekeza kwangu. Alifanya hivyo bila kinyongo, na kila mara niliposikia mlango unagongwa nilitamani wawe wamenifuata mimi.

Mtoto alizaliwa, wa kike. Alikuwa bado hajaanza kukaa alipoitwa baba yake kazini, ajira ya kudumu, kwenye chuo kimoja Nyanda za Juu Kusini, safari ya siku nzima kwa basi. Alipewa muda mfupi wa kuripoti.

Tulipokuwa tunapanga nguo zake nilimuuliza kitu nilichokuwa nimekibeba muda wote huo.

"Ungekuwa hukwenda kuifuata ile hati, ungepata wewe?"

Alikuwa anakunja suruali. Aliikunja mpaka mwisho.

"Sijui," alisema. "Nilipoingia mle ndani sikuwa na pumzi, hiyo ni kweli. Lakini mada waliyonipa nayo sikuipenda. Ningeweza kuwa na pumzi na bado nikashindwa."

"Unaniambia hivyo nisijisikie vibaya."

"Nakwambia hivyo kwa sababu sijui. Usinilazimishe kujua."

Sikumuuliza tena, na nadhani sitamuuliza. Sasa tumeingia mwaka mwingine wa masomo. Yeye ameshaandika barua ya kuomba uhamisho, na amejibiwa kwamba mtu aliye kwenye kipindi cha majaribio hahamishwi, asubiri kwanza athibitishwe. Mimi nami barua yangu ya kuthibitishwa bado haijatoka. Kila nikipita kwa afisa utumishi naulizia, ananiambia iko kwenye mchakato, nami namshukuru kwa uangalifu, nachunguza amenijibuje.

Likizo anakuja. Binti yetu alimkataa safari ya kwanza, akajificha nyuma ya miguu yangu, akamkodolea macho kama mgeni. Safari iliyofuata alimwendea baada ya kulala usiku mmoja. Mara ya mwisho alimkimbilia akiwa bado hajatua begi, na mume wangu akakaa chini pale pale mlangoni, na viatu vyake, akampakata.